Unatafuta kazi na unaishi na sikoseli? Soma kwanza yaliyonikuta mie

Juzi saa nne usiku kanitumia meseji mdogo wangu mmoja wa kike kutoka Chake, Pemba, hatujuani ila alisoma maandishi yangu ya mwanzo. Kaandika hivi: "Kaka, samahani kwa usumbufu, Jumatatu nna intavyu, nimejitazama kwenye kioo macho yashafanya manjano tena, nivae miwani?"

Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu miwani hiyo mie nishaivaa na nnajua ilinifikisha wapi.

Na wiki hii hii bosi wangu kanipa barua ya kuthibitishwa kazini, miezi sita ya majaribio imekwisha, Alhamdulillah, mie yule yule ambae ami yangu alisema "huyu wa kulelewa tu". Nimeipiga picha barua nikamtumia. Hajajibu. Basi nikaona badala ya kumjibu yule mdogo wangu kwa mistari miwili bora niandike, maana najua wapo wengi.

Kwa wasiojua, sikoseli ni maradhi ya damu, unazaliwa nayo. Baba anabeba nusu, mama anabeba nusu, wote wazima wa afya hawana habari, na kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kutoka mtoto kama mie. Seli nyekundu za mtu mwengine zinaishi kama siku 120, zangu siku 10 mpaka 20 zishavunjika, na huko kuvunjika ndo kunakoleta hiyo rangi ya macho. Si homa ya ini wala si ya kuambukiza, na wala si hicho kitu chengine ambacho watu wa hapa kwetu wakiona macho ya manjano na mwili mwembamba wanakifikiria. Hicho nakuja kukisema sasa hivi.

Mwaka 2021, nimemaliza diploma yangu ya utalii pale Maruhubi, cheti mkononi, Kiingereza safi, na Kitaliano cha kuwakaribisha wageni na kuwauliza safari. Nikaitwa kwenye hoteli moja ya kaskazini, nafasi ya risepsheni. Wiki mbili kabla nilikuwa nimelazwa siku nne, na mishipa yangu mie ni ya kujificha, hata nesi mzoefu hunitoboa mara tatu nne ndo dripu ikubali. Mikono ikawa kama ramani. Nikaazima miwani ya jua ya binamu yangu, nikavaa shati la mikono mirefu, nikapanda gari ya 116 Darajani mpaka Nungwi, njia nzima najisomea majibu moyoni.

Naingia ofisini, meneja ananitazama, ananiambia, "Kijana, humu ndani hamna jua." Nikavua. Wakati naiweka miwani mezani mkono wa shati ukapanda, na pale juu ya kifundo pana alama mbili za sindano, moja bado zambarau. Akatazama macho, akatazama mkono, akafunga faili. Hakuniuliza kitu, hata suali moja la kazi. Akasema tutakupigia. Nikatoka, sijafika hata kwenye ngazi namsikia anamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Teja yule."

Anaekaa Unguja anajua neno hilo lilivyo zito. Unga umetumalizia ndugu zetu na sina la kuwacheka, ila mie hata sigara sijapata kuishika, nimekaa hospitali kuliko nilivyokaa skuli, na diploma nimeipata kwa kusomea kitandani, halafu mtu ananisoma kwa mkono tu kama anasoma bei ya nguo. Mpaka leo nikipita hoteli ile nageuza uso nikatazama baharini. Najua si vizuri kuweka kinyongo. Nnacho.

Baada ya hapo mama yangu ndo alinipa ushauri, na nilivyoufuata ndo nikaharibikiwa zaidi, Mungu amuweke. Alisema, "Mwanangu, siri ya mtungi aijuae kata, mambo ya ndani ya mwili wako wewe yanawahusu nini?" Mama zetu wana sababu zao, wanaogopa hutaoa, wanaogopa watasema nyumba ina kitu. Kwetu Mkoani nilinyweshwa kombe (maji yalioshewa maandishi ya aya za Kurani) la kila mwalimu aliesikika kusini na kaskazini ya Pemba, na nikalinywa kwa heshima, na vidonge vyangu vya foliki asidi, vya kusaidia damu, nikaendelea navyo vile vile.

Basi 2022 nikapata kazi hoteli ya upande wa mashariki, nikanyamaza kimya. Risepsheni, zamu ya usiku. Sasa sikilizeni hapa, maana jambo hili sijapata kuona mtu kaliandika: sisi wenye sikoseli baridi ndo adui yetu, na kipupwe kinaanza mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo wa kusi unapuliza usiku unauhisi kwenye mifupa. Na wageni je, wanajaa lini? Mwezi wa saba, wa nane. Yaani msimu wa hoteli na msimu wa maumivu yangu ni mmoja! Masika, joto limetulia mie mzima kama chuma, hoteli nusu zimefungwa na wafanyakazi wanarudishwa makwao. Nilisomea utalii miaka miwili, hakuna alienambia hilo, na mie mwenyewe sikulifikiria.

Juu ya hapo AC. Ile kaunta ilikuwa chini ya AC ya digrii 18, mgeni akitoka nje anataka akutane na barafu. Mie nimekaa chini yake kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili, na maji sinywi kwa sababu peke yangu siwezi kuacha kaunta nikaenda chooni kila saa. Baridi, kiu, usingizi, vyote vitatu kwa pamoja, kama nimeandika barua ya kukiita kile kitu chetu cha maumivu kije. Wiki ya tatu kikaja. Kilianza mgongoni kama mtu ananikanda taratibu, nikajifanya sisikii, saa nane kikashuka kwenye mapaja, saa tisa niko chini nyuma ya kaunta natafuna mkono wa koti nisipige kelele wageni wakaamka. Mlinzi aliponiona akaanza kunisomea, alidhani nimepandwa na shetani. Sikumlaumu, yeye ndie alienibeba.

Nilipotoka hospitali siku ya sita nikakuta meseji. Nafasi yako tumempa mwengine. Nikapiga simu, mkubwa wa utumishi akasema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, "Wewe ungetuambia." Nikamuuliza, ningekwambia ungeniajiri? Akanyamaza mpaka vocha ikakata. Suali hilo nimelala nalo mwaka mzima, na yeye kwa kunyamaza kwake alinijibu.

Miezi ya katikati nairuka, nilikaa nyumbani Jang'ombe kwa dada, natuma barua, najibiwa au sijibiwi, mnaijua hali hiyo hamhitaji kusimuliwa.

Kilichobadilisha mambo ni daftari la skuli la shilingi kidogo tu. Daktari wa kliniki alikuwa ameshanianzishia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza hayo maumivu ya sikoseli (kwa maelekezo yake na kupima damu mara kwa mara, tafadhalini msije mkaenda kununua wenyewe mkasema nimeandika mie), akaniambia niandike kila siku niliyoumwa tuone dawa inafanyaje. Nikaandika. Mwaka ulipofika nikahesabu: siku ambazo kweli nisingeweza kwenda kazini zilikuwa 9. Tisa! Mie kichwani mwangu nilijiona mtu wa kuumwa kila siku, kumbe tisa katika 365. Siku hizi huwa nawatazama wenzangu ofisini, wazima wa afya wote, ukijumlisha harusi, arubaini, na "gari imeniharibikia Mwanakwerekwe", hakuna hata mmoja aliekosa siku chini ya hizo.

Kwa hiyo nilipoitwa kwenye ofisi hii niliyopo sasa, ya mjini, tunafanya buking za wageni kwa simu na kompyuta, nilikwenda tofauti. Shati la mikono mifupi, miwani hamna. Nikamuomba alienipigia tupange saa tano asubuhi badala ya saa mbili, maana mwili wangu asubuhi ni mgumu, wala hakuuliza kwa nini. Chupa ya maji mkononi, sweta kwenye mkoba. Macho yalikuwa na rangi, nikasema liwalo na liwe.

Bosi, bibi mmoja mtu mzima wa makamo, kaniuliza masuali ya kazi na mie nikamjibu ya kazi. Ugonjwa sikuugusa. Si kwa kuuficha, ila kile ni kikao cha kuonesha unajua nini na mie najua mengi. Siku ya pili akapiga kusema nafasi ni yangu njoo usaini. Hapo ndipo nilipomwambia, shikamoo bibi, kabla sijasaini naomba dakika kumi. Nikampa karatasi moja niliyoichapisha. Mstari wa kwanza nna sikoseli, nimezaliwa nayo, haiambukizi. Wa pili mwaka uliopita nilikosa siku 9. Wa tatu ninachohitaji: kiti mbali na AC, maji karibu, siku moja ya kliniki kila mwezi, na nikibanwa kidogo nifanyie kazi nyumbani. Wa nne simu ya dada yangu.

Akasoma. Akavua miwani yake (yeye ndie mwenye miwani safari hii), akaniuliza, "Hiyo siku ya kliniki ni Jumaatatu? Jumaatatu hapa tunazidiwa." Nikasema Alkhamisi. Akasema, "Basi kaa pale dirishani." Imeisha hiyo. Mwaka mzima wa woga umeishia kwenye suali la Jumaatatu au Alkhamisi.

Sasa nyinyi mnaonisoma najua mnataka kazi kama nilivyotaka mie, hamtaki sadaka ya mtu, basi nisikilizeni. Usitangulize ugonjwa. Tanguliza kazi, ugonjwa uje nyuma, lakini uje, na uje kabla hujasaini. Na ukija usiuseme kwa sauti ya mtu anaeomba msaada msikitini, useme kwa siku na saa na kiti, kwa sababu mwajiri hana mizani ya kupimia maumivu yako ila siku anajua kuzihesabu. Mie nilifanya kosa lile lile mara mbili, nilijificha, nikaja nikajificha tena. Nunua daftari. Narudia, nunua daftari, leo.

Na chagua kazi, jamani. Tunaambiwa kijana asichague kazi, mie nakwambia chagua, mwili wako ushachagua zamani. Kama kipupwe kinakumaliza usiombe zamu ya usiku ya mwezi wa nane, omba ofisi, omba kazi ya simu na kompyuta, hata kama mshahara mdogo. Uliza na habari ya ZHSF (Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar) kabla hujauliza posho ya chakula. Mlioko Pemba, intavyu ikiwa Unguja msije na boti siku ile ile, mle ndani ya boti AC ni kali kuliko hoteli na mkifika hamjalala, njooni siku moja kabla mkalale kwa mtu. Ramadhani pia, sisi wengine daktari katukataza kufunga na mji mzima umefunga, mie maji nilikuwa nakwenda kuyanywa chooni kama mwizi mpaka bosi akaniambia kanywe stoo, pana kiti.

Na nyinyi waajiri mnaopita humu, Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya 2005 inakataza ubaguzi kazini na mnaijua. Lakini mie sheria siipigii hesabu sana, nitakwenda kumshitaki nani na ushahidi gani, neno la kwenye korido? Nataka muulize tu. Ukimuona kijana ana macho ya manjano na alama mkononi muulize, mdomo si wa kulia tu. Huenda anatumia unga, na huenda alikuwa wodini akibukua masuali ya intavyu yako. Mungu kakupa kazi ya kugawa, usigawe kwa kutazama mikono ya watu.

Yule mdogo wangu nilimjibu usiku ule ule, usivae miwani, wakikuuliza sema, wasipokuuliza subiri wakupe nafasi kwanza.

Jana jioni karudisha jibu. Waliuliza macho, akawaeleza vizuri tu, hata yale ya siku 120 na siku 10 aliyasema, anaona walimsikiliza. "Wamesema watanipigia, kaka." Kaweka na kimoyo chekundu mbele.

Nimemuandikia InshaAllah. Hayo mengine kuhusu "tutakupigia" sijamwambia.