Traka kwenye gari la kampuni: ukatae au ukubali?

Ndugu dereva, umeuliza kama unaweza kukataa traka, yaani kifaa cha kuonyesha gari lilipo, waliyofunga kwenye pikapu ya kampuni hapo Nairobi, na kile kifaa cha kuskeni mizigo wanachotaka ukae nacho hata baada ya kazi.

Traka usipigane nayo. Gari si lako, na siku mteja wa Rongai akidai mzigo haukufika, rekodi ya mahali na saa, pamoja na saini yake kwenye skrini, ndivyo vitakavyokutetea. Madereva wengi ninaowajua waliichukia mwanzoni. Sasa wakikatwa mshahara kwa kuchelewa, wao ndio wa kwanza kuomba rekodi.

Kifaa cha mkononi ndicho kinachonitia shaka. Hicho kinaonyesha ulipo wewe, si gari lilipo. Ukitoka zamu kizime, ukiache ofisini, na uombe utaratibu huo uandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Mwandikie meneja barua pepe kwa upole: nani anaziona, zinahifadhiwa muda gani, zinatumika kuadhibu watu au la? Akikupuuza, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ila usichomoe nyaya wala kununua vile vifaa vya kuvuruga mawimbi. Hapo utakuwa umempa tajiri sababu ya kukufuta. Na kifaa kikilia ukiwa barabarani, egesha kwanza, hata kama ratiba inakubana.