Nachora madoa tu, mume wangu ananicheka

SWALI: Anti shikamoo. Mi niko Morogoro, nina mtoto wa miezi 8 ndo kwanza anatambaa na kila akikuta kikombe cha maji lazima akimwage. Zamani nilipenda sana kuchora, sasa nikaona watu wanachora zile abstrakti, michoro isiyoonyesha kitu halisi, nikasema hii hata mi naiweza, nikanunua drowing buku, penseli na boksi moja la krayoni, rangi za maji nikaziacha kwa sababu ya huyu mtoto na bei pia. Lakini kila nikichora yanatoka madoa tu, juzi mume wangu kafungua daftari akaniuliza "sasa hii ndo nini?" nikakosa jibu. Nikajaribu na mkaa wa jikoni, ukanichania karatasi. Nifanyeje?
Mama Mtambaaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hivyo vikombe. Mkono wako hauna shida, shida ni kwamba unakaa mbele ya karatasi nyeupe unasubiri kichwa kilete kitu, na kichwa cha mtu aliyeamka mara 4 usiku hakileti kitu. Basi acha nyumba ikuletee. Chukua karatasi ya kawaida ya printa, ile nyembamba, itandike juu ya ungo, shikilia vizuri isicheze, menya krayoni ganda lake uilaze ubavu halafu upake taratibu kwenda upande mmoja. Utaona ule msuko unapanda wenyewe, na pale ungo ulipokatika ukashonwa na uzi patatokea kama kovu hivi, hapo ndo patamu, usipafiche.

Hamia kwenye mkeka, kawa, soli ya ndala, mgongo wa mbuzi ya nazi (meno yake yaache, yatakuchania karatasi). Karatasi nzito ya drowing buku haishiki alama ndogo ndogo, ndo maana nasema anza na nyembamba halafu utachana vipande na kubandika kwenye daftari kwa gundi ya kijiti. Wala sio ujanja wa kitoto, mchoraji Mjerumani Max Ernst alifanya hivyo hivyo mwaka 1925, alikuwa kwenye nyumba ya wageni ufukweni Ufaransa akaziangalia mbao za sakafu zilivyochakaa, akaweka karatasi juu akasugua na penseli. Wenyewe wanaita frotaji.

Kuhusu madoa, mi nadhani unatumia rangi zote za boksi kwa sababu umezilipia. Chagua 2 na penseli, basi. Na uache sehemu ya karatasi ikae tupu kabisa, hata nusu nzima, jicho linataka pa kupumzikia. Penseli za dukani nyingi ni HB, ukipata 4B au 6B utafurahi, maana B inavyopanda namba risasi inakuwa laini na nyeusi zaidi (tunaita risasi ila ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi).

Mkaa sasa. Ule wa gunia ni wa miti migumu, ndo maana unakwaruza. Tengeneza wako, chukua vijiti vikavu unene wa penseli, vimenye magamba, vipange kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu moja dogo kwa msumari uweke kopo juu ya jiko linalowaka, nje lakini, sio ndani. Moshi utatoka kwenye tundu, ukikata kabisa epua na USIFUNGUE mpaka kopo lipoe, mi mara ya kwanza nilikuwa na haraka nikafungua la moto, hewa ikaingia vijiti vikawaka vikaishia majivu. Ukivipata vizima paka ukurasa wote mweusi, halafu chora kwa kufuta. Raba inafaa, ila nyama ya mkate mweupe ukiifinyanga kidonge inafuta taratibu zaidi, watu walifutia mkate kabla raba haijaja. Usitumie wenye siagi, utaacha doa la mafuta.

Mkaa unachafua ukurasa wa jirani kwa hiyo weka karatasi nyembamba katikati. Spreyi ya nywele wengi wanaisifia kwa kuushikisha ila baadaye karatasi hugeuka njano, na nyumba ina mtoto, achana nayo. Krayoni na vijiti viweke juu ya kabati, huyo wa miezi 8 atavila.

Na baba akifungua tena daftari akauliza hii ndo nini, mwambie ni ungo wa mama yake, aangalie vizuri pale uliposhonwa.