Pezi Likichanika, Weka Chupa ya Dawa Chini

Vijana, nyinyi mnaohudumia matangi ya samaki wa mapambo wa maji ya chumvi, nimechoka kutumiwa picha za mikia ya samaki iliyoraruka usiku wa manane, na swali ni lilelile: "Mkubwa, niweke dawa gani?" Wawili wa mwisho walikuwa wameshaiweka kabla ya kuuliza. Haya, sikilizeni.

1. Tazama ukingo wa pezi. Likiwa limechanika kufuata miale yake, vile vijiti vinavyolishikilia, ukingo msafi, hayo ni meno ya samaki jirani. Amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ikikaa sifuri, pezi litaota lenyewe. Ukingo ukiwa mweupe, una utando, na kila siku unazidi kuliwa kuelekea mwilini, hapo bakteria wameingia: karantini, yaani tangi la pembeni la mgonjwa, na antibayotiki. Dawa ya shaba ni ya vimelea. Ukiimwaga kwenye tangi kubwa utazika kamba na konokono wote, na pezi litabaki vilevile.

2. Mtafute mkorofi. Ukisimama mbele ya kioo na ndoo yako hutamwona, maana samaki wanajua wewe ndiwe mleta chakula, wote watakuja mbele wakiwa wapole kama wanakwaya. Muulize askari wa mlangoni au dada wa mapokezi, wao ndio hushinda na lile tangi. La sivyo, acha simu irekodi, wewe nenda ukanywe chai.

3. Mtoe anayepiga. Hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa nahudumia tangi la kliniki ya meno Parklands, Nairobi. Lilikuwa na samaki wawili aina ya kangaja: wa buluu mwenye uso mweusi, na yule wa kahawia mwenye pezi refu la mgongoni. Wa kahawia akaanza kuchanika. Nikamhurumia. Nikamtoa, nikamweka karantini nyumbani, nikamlisha mwani mkavu asubuhi na jioni, na kwa kweli alinawiri, pezi likafunga, akanenepa. Nikampiga picha kama mtoto wa kufuzu chuo. Nikamrudisha mchana kweupe, taa zinawaka, sanduku la kumtenga sina, nikapeana mkono na daktari na kuondoka nikipiga mluzi.

Kumbe wiki zote zile yule wa buluu alikuwa amebaki peke yake, na kila jiwe limekuwa lake. Kwake yeye huyu hakuwa mwenzake aliyetoka hospitali, alikuwa mgeni aliyevamia. Nanyi mnajua kangaja ana wembe pande zote mbili za shina la mkia. Asubuhi walimkuta amejibana nyuma ya pampu, ubavu umechanjwachanjwa, amekufa. Daktari akanipigia simu, hakufoka, aliuliza tu, "Si ulisema amepona?" Nilikosa la kujibu. Na watoto wanaokuja kung'olewa meno walikuwa wamempa jina.

Ningemtoa wa buluu siku ile ya kwanza, wa kahawia angepona palepale nyumbani kwake, na yule mbabe angerudi akiwa yeye ndiye mgeni.

4. Kabla ya kuingiza samaki mpya: panga mawe upya, washibishe wenyeji, zima taa, na mgeni akae kwenye sanduku la plastiki lenye matundu mpaka wamzoee. Kioo cha kujitazamia kikiegemezwa nje ya tangi humfanya mbabe apigane na sura yake.

5. Karantini bila jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu majini, usiniambie ni karantini. Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu, na Nairobi iko juu ya mita 1,600, kwa hiyo tunaanza na upungufu. Ongeza vipande vya paipu wajifiche. Julai kuna baridi, weka hita. Stima ikipotea, pampu ya betri kwanza, kumpigia mteja baadaye.

6. Damseli, wale samaki wadogo wakorofi. Kuna mteja atakayetaka hao wa bei rahisi "wakomaze tangi" jipya, yaani waote bakteria wazuri wa kula amonia, kabla ya samaki wa maana. Mkatalie, mwambie chupa ya bakteria hao wazuri na subira vinatosha. Ukimkubalia, yule mweusi mdogo mwenye madoa meupe atajipa hati miliki ya tangi zima, kumnasa itabidi ubomoe mawe yote, kisha utanipigia simu uulize kama namtaka. Simtaki. Tangi langu la wakorofi limejaa, na waliomo humo wote mliniletea nyinyi.