Jumatatu Waachie Benchi, Wewe Anza na Miguu

Nimepiga tizi kwenye jimu za kila aina, kuanzia zenye kiyoyozi hadi zile za uani ambako vyuma ni saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, na kote Jumatatu ni siku ya kifua. Watu wanapanga foleni benchi, walale wasukume chuma, huku upande wa skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, ni kweupe. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauna utaalamu wowote: anza wiki na miguu. Hutagombania chuma na mtu.

Kuna sababu nyingine, na ndiyo kubwa. Ratiba ya siku nne inayopendwa huenda hivi: Jumatatu juu, Jumanne chini, Alhamisi juu, Ijumaa chini. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Ila miguu ya pili inaangukia Ijumaa jioni, na Ijumaa jioni tunajuana. Mwezi ukiisha, kifua na mikono vimefanyiwa kazi mara mbili ya miguu, na mwenyewe anaapa kwamba anafuata ratiba. Igeuze: miguu Jumatatu na Alhamisi. Hapo kinachorukwa Ijumaa ni kifua, na sijawahi kumwona mwanaume aliyesahau kufidia kifua.

Mwenye siku tatu asiugawe mwili kabisa. Kila siku aanze na zoezi moja zito la miguu, kisha moja la kusukuma na moja la kuvuta, seti tatu au nne kila moja (seti ni marudio ya zoezi unayopiga mfululizo kabla ya kupumzika). Jumatatu skwati. Jumatano kunyanyua chuma kutoka chini, zoezi linaloshughulikia mgongo, makalio na nyuma ya mapaja kwa pamoja. Ijumaa mguu mmoja mmoja. Ni kweli ukitoka kwenye skwati utasukuma kilo pungufu benchi. Hasara hiyo mimi naikubali, maana miguu ikiachwa mwisho huambulia seti mbili za kuzugia. (Wiki ya kwanza nenda taratibu. Maumivu hukolea siku ya pili, na choo cha kuchuchumaa hakina huruma.)

“Lakini mimi nacheza mpira.” Hili nalisikia mno. Mpira unajenga pumzi na kasi. Nguvu ya kubeba mzigo ni habari nyingine. Tena mchezaji ndiye anayehitaji zaidi kuimarisha nyuma ya mapaja, kwa sababu ndiko misuli inakochanika mtu akifyatuka ghafla. Lipo zoezi linaloitwa Nordic, halitaki hata chuma: piga magoti, mwenzako akushikilie vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole huku ukijizuia usianguke. Matano yaliyo safi yanatosha kuanzia.

Jimu nyingi za uani hazina stendi ya skwati, kwa hiyo chuma unachoweza kukipandisha mabegani kwa mikono ndicho kikomo chako, na kwa miguu hicho ni chepesi. Weka mguu wa nyuma juu ya benchi, kumbatia mzigo kifuani, uchuchumae na mguu mmoja. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Ikijaa mchanga mkavu inakaribia 30. Mguu mmoja utaziona hizo kilo.

Kwa dada zetu mzani umelalia upande wa pili. Skwati na makalio kila siku, mikono haiguswi, wasije wakawa mabaunsa. Ubaunsa haumjii mtu kwa bahati mbaya, unatafutwa kwa miaka. Na mfupa huimarika pale unapobebeshwa mzigo, kwa hiyo skwati haitausaidia mkono. Anza pushapu ukiegemea ukuta, ukizoea shuka kwenye benchi, kisha sakafuni.

Ukitaka kujua umeegemea wapi, chukua daftari uandike seti zako za wiki nzima katika mafungu manne: kusukuma, kuvuta, mbele ya mapaja, nyuma ya mapaja. Mafungu hayo yakaribiane. Ukikuta kusukuma seti 20 na nyuma ya mapaja 3, usirundike seti mpya juu ya zile, utachoka uache. Toa sita kwenye kifua uzihamishie miguuni, muda wa jimu ubaki uleule.