Kabla hujafuta faili kwenye hifadhi ya ESXi

Hifadhi (datastore) ikijaa kwenye seva ya VMware ESXi, yaani seva inayoendesha kompyuta za kuigizwa ziitwazo mashine pepe, zile zenye diski za kukua kidogo kidogo husimama kwa kukosa pa kuandika. Hapo ndipo watu hufungua kivinjari cha hifadhi kutafuta cha kufuta. Kukifungua hakuna kazi: ingia vSphere Client au ukurasa wa seva yenyewe, nenda Storage, chagua hifadhi, fungua orodha ya mafaili yake. Kwa kupakia ISO (faili la diski ya usakinishaji) au kuangalia kipi kiko wapi, kinatosha sana. Kwa kuamua kipi kifutwe, hakitoshi, maana hakionyeshi kila kitu. Tena hakuna pipa la taka: ukifuta, umefuta.

Kama hali ni ya dharura, anza na mafaili ya `.vswp`, akiba ya kumbukumbu ya mashine pepe. Kila mashine pepe inayowaka ina faili hilo, na ukubwa wake ni sawa na RAM uliyoipa, ukitoa ile iliyotengwa mahsusi. Usilifute kwa mkono. Zima mashine isiyo ya lazima yenye RAM ya GB 16 na GB 16 zitarudi zenyewe. Zikirudi, unapata muda wa kufanya mengine bila papara.

Sasa diski. Kivinjari hukuonyesha `mauzo.vmdk` moja, lakini ndani ya hifadhi kuna mafaili mawili. Washa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa amri za maandishi, kwenye Manage, Services ya ukurasa wa seva (izime ukimaliza), kisha ingia `/vmfs/volumes/` hadi folda husika. Utakuta `mauzo.vmdk` dogo mno, la maandishi matupu, na `mauzo-flat.vmdk` lililobeba data. Lisome lile dogo kwa `cat`, utaona mstari kama huu:

`RW 83886080 VMFS "mauzo-flat.vmdk"`

Namba hiyo ni idadi ya sekta za baiti 512. Zidisha, unapata baiti 42949672960, yaani GB 40. Ukiona kwenye kivinjari faili lenye `-flat` limesimama peke yake, basi lile la maelezo limepotea. Wengi hulidhania takataka, kumbe data yote imo humo. Liundie maelezo mapya: pata ukubwa kamili kwa `ls -l`, andika `vmkfstools -c 42949672960 -d thin muda.vmdk`, futa `muda-flat.vmdk`, kisha badili jina la `muda.vmdk` liwe `mauzo.vmdk`. Ndani yake elekeza ule mstari kwenye `mauzo-flat.vmdk`. Kama diski ya awali ilitengewa nafasi yote tangu mwanzo, ondoa pia mstari wa `ddb.thinProvisioned`.

Kwa sababu hiyo hiyo, usibadilishe jina la diski nzima kwa `mv`. Utahamisha jina la faili dogo tu na kubwa libaki na la zamani. Tumia `vmkfstools -E jina-la-zamani.vmdk jina-jipya.vmdk`.

Snapshoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, ndizo zinazoumiza zaidi. Mashine ikiwa na snapshoti, maandishi mapya huingia `mauzo-000001.vmdk`, na diski mama haiandikwi tena. Tarehe yake inabaki ya zamani, hata miezi. Faili la `.vmx`, lenye mipangilio ya mashine, nalo linataja ile yenye namba, wala si mama. Kwa hiyo ukitafuta `mauzo.vmdk` ndani ya mafaili ya `.vmx` hupati kitu, unaona na tarehe imechakaa, unafuta, na mashine yote imekwenda. Tafuta shina la jina tu:

`grep -i "mauzo" /vmfs/volumes/*/*/*.vmx`

Matokeo yatajirudia mara mbili, kwa sababu kila hifadhi ina jina na pia kitambulisho kirefu, si tatizo. Rudia amri kwenye kila seva, kwani faili la `.vmx` linaweza kuwa kwenye hifadhi ambayo seva hii haiioni. Violezo (mashine za kunakilia nyingine) angalia kwa `.vmtx`. Mafaili ya snapshoti yenyewe yaondolewe kwa Delete All au Consolidate, kamwe si kwa kivinjari.

Jina la folda nalo si ushahidi. Ukibadili jina la mashine pepe, folda hubaki na la mwanzo, kwa hiyo folda iitwayo `jaribio-2` inaweza kuwa ndiyo inayoendesha mfumo wa malipo. Soma mstari wa `displayName` ndani ya `.vmx`.

Kuhusu ukubwa: `ls -lh` huonyesha ukubwa ulioahidiwa, `du -h` kilichotumika kweli. Diski ya GB 500 iliyotumia GB 30 itakurudishia GB 30 tu. Ukiipakua kupitia kivinjari, lakini, jiandae kupokea GB 500 kamili.

Ukishajiridhisha kwamba faili halina mwenyewe, bado usifute. Tengeneza folda kwenye hifadhi ile ile, hamishia humo mafaili yote mawili, na uache mzunguko mmoja wa bekapu upite. Mashine ikigoma kuwaka, yarudishe yalipokuwa. Na ukikataliwa kufuta kwa sababu faili limefungwa, `vmfsfilelockinfo -p` ikifuatwa na njia ya faili itakupa anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya seva iliyolishikilia. Kaanzie uchunguzi huko.