Hadithi ya kasa na mfuko wa rambo

Mleta mada, umeuliza watoto wa miaka minne, mitano utawaambiaje habari za kutunza mazingira wakakuelewa. Nina miaka tisa nafundisha chekechea kisiwani Mafia, nikujibu kwa niliyoyaona.

Neno "mazingira" liweke kando kwanza, mtoto wa umri huo hana pa kulishika. Mpe mnyama mmoja anayemjua. Huku kwetu ni kasa. Anapanda ufukweni usiku, anataga mayai mia hivi katika shimo moja, na kama miezi miwili baadaye vitoto vinajifukua mchangani na kukimbilia majini. Uko bara? Chukua mbuzi, naye humeza mifuko.

Mwanzoni nilikosea. Nilisimulia kasa aliyemeza plastiki akafa, nikamalizia kwa maonyo. Kesho yake mama mmoja akaja: mwanawe kalia usiku, hataki tena kwenda pwani. Nilimwomba radhi, na iliniuma sana. Nilimtia mtoto hofu bila kumpa la kufanya.

Sasa naanza na "Paukwa!" Wakishaitika "Pakawa!" naweka beseni la maji katikati yao. Nachukua kipande cha rambo (mifuko ile ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara Juni 2019, lakini mawimbi bado yanaileta) nakiachia majini. Kinavimba, kinaelea, kinapepea taratibu. "Kasa ana njaa. Anaona nini?" Wote kwa pamoja: "Konyeza!" Watoto wa wavuvi hao, konyeza wanamjua, yule mnyama wa baharini laini kama uteute ambaye kasa humla, ameshawababua. Nakitoa kikidondosha maji, nampa mmoja akishike. Wananyamaza wote.

Simalizi hadithi. Nawaambia kasa bado yuko njiani anakuja, tufanyeje? Wanaanza kusema wenyewe, na usiwakatize hata wakitaka kasa apewe miwani. Halafu tunashuka ufukweni kuokota. Mimi hutangulia kuondoa vioo na ndoana, hilo usilisahau.

Mwaka huu niliwaongezea kwamba kasa jike akishakua hurudi kutaga pwani za kwao, na huchukua miaka ishirini na zaidi. Binti mmoja akahesabu vidole vyake, vikaisha, akashika mkono wa mwenzake akaendelea. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, akirudi atanikuta mimi nimekuwa mama?"

Nikamwambia, huenda.

"Basi nitakuja na mwanangu, tumpokee."