Tawi limefungwa, bili si za jina langu

SWALI: Shikamoo, shangazi. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga. Benki iliyokuwa mtaani kwetu imefunga tawi. Nimekwenda tawi la mjini kufungua akaunti, wakataka bili ya umeme au maji yenye jina langu, na bili zote zina jina la mwenye nyumba. Wanatukwepa kwa kuwa sisi ni maskini? (Fundi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekaa dirishani benki miaka mingi, nakujibu ninachokijua. Tawi hupimwa kwa amana, yaani hela zinazolala kwenye akaunti, si kwa urefu wa foleni. Mtaa kama wako hela huingia asubuhi, jioni zimeshatoka: kodi, nauli, vitambaa. Hapo benki huona hasara. Lakini ni nyinyi hao hao mnaokatwa ada ya kutoa na ada ya salio kushuka, huku mwenye salio nono akisamehewa. Hilo linaniuma sana.

Kukwepwa kuliwahi kuwa sera kabisa. Marekani, miaka ya 1930, shirika la serikali lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mikopo. Ya watu weusi karibu yote ilipakwa. Ni mwaka 1977 tu ndipo ilipotungwa sheria ya kuyahimiza mabenki yahudumie pia mitaa ya kipato cha chini katika maeneo yanakochukua amana. Ufaransa, tangu 1984, aliyenyimwa akaunti ana haki ya kwenda benki kuu, nayo humpangia benki ya kumfungulia.

Kwa hiyo rudi pale. Uliza ni vithibitisho gani vingine vya makazi wanavyopokea. Mara nyingi mkataba wa kupanga au barua ya uongozi wa mtaa hutosha, ila wa dirishani hataji mpaka aulizwe. Uliza pia akaunti isiyo na kiwango cha chini cha salio. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, uipeleke kwenye dawati lao la malalamiko, kisha kwa msimamizi wa mabenki. Usiridhike na wakala wa dukani peke yake. Anafaa kwa kuweka na kutoa, lakini siku ukitaka mkopo wa cherehani ya pili, benki itataka kuona hela zako zilivyopita kwenye akaunti yenye jina lako.